Dakika Thelathini na Nane

Kabla baba hajamaliza kikombe chake cha maji, rubani alitangaza kwamba wanatua.

"Tumefika tayari?" aliuliza binti yake wa miaka saba, pua kaibandika dirishani. "Si ulisema kwa bibi ni mbali?"

"Funga mkanda," alijibu baba yake, mhandisi wa maji asiyependa maswali siku hiyo.

Dakika thelathini na nane. Kutoka kiwanja kidogo cha mji wake hadi kiwanja kidogo cha mji wa mama yake, dakika thelathini na nane tu. Na kwa miaka tisa alikuwa akimwambia mama kwamba ni safari ya siku mbili: ndege ya kwanza, kulala njiani, kisha ndege ya pili.

"Miguu yako haitaweza, mama."

"Basi usijisumbue, mwanangu," mama alikuwa akijibu. "Mbali ni mbali."

Uongo ulianza wiki ya harusi yake. Wakwe walikuwa mawakili na madaktari. Mama yake alifua mashuka ya hospitali, mikono imebabuka kwa dawa, na akicheka, ukumbi mzima hugeuka. Aliwaambia wakwe kwamba mama anaogopa ndege, na mama akamwambia kwamba safari ni ya siku mbili. Binti alipozaliwa, akamtumia mama picha kwa simu. Baada ya hapo hakujua tena aanzie wapi kuufuta ule uongo.

Juzi dada yake alipiga simu.

"Mama anaagwa kazini kesho kutwa. Miaka thelathini na moja, kaka, anafua tu. Hata kama ni siku mbili, njoo."

Sasa alikuwa anashuka ngazi za ndege, shati limemganda mgongoni. Alishapanga. Atamweleza ukweli nyumbani, mlango umefungwa, na ikibidi atapiga magoti. Kilichomtisha ni uso wa mama atakapojua.

Mama alisimama nyuma ya uzio mfupi, kavaa gauni jipya, anapunga mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Poleni na safari." Alimtazama kidogo, akatabasamu. "Siku mbili njiani si mchezo. Mmechoka sana?"

Ule ulikuwa wasaa wa kusema. Akainamia viatu vyake.

"Kidogo tu, mama."

Alijisikia mdogo kuliko mtoto aliyemshika mkono. Akamsogeza binti mbele, angalau apate la kufanya.

"Njoo umsalimie bibi. Usimwonee haya, hamjawahi kuonana."

Lakini binti alikuwa ameshachomoa mkono, amekwisha kumrukia mama na kumning'inia shingoni.

"Baba!" alisema, akigeuka, macho yamemtoka kwa furaha. "Kumbe bibi anayekujaga kunisalimia getini shuleni ndiye mama yako?"