Viwavi Bado Wako Juu

Médiatrice alikuwa ameshatoa njiti ya kiberiti askari alipopanda kutoka kizuizi cha chini ya Mlima Kigali.

"Madamu, hiyo moto iko ya nini?"

"Ya vipepeo. Nyasi kavu zimesonga majani wanayokula viwavi wao." Akampa karatasi ya ruhusa ya ofisi ya uhifadhi, ya Agosti 1992.

Askari akaisoma mara mbili. "Basi choma sasa. Saa nne natoka zamu. Atakayenipokea akiona moshi, atapiga risasi kabla ya kuuliza karatasi."

Médiatrice akapiga magoti, akainamisha shina moja. Kiwavi wa kijani, mdogo kama punje ya mchele, alikuwa bado anakula, sisimizi watatu wakimzunguka. Jua likikolea, sisimizi huwarudisha viwavi shimoni, na moto hupita juu bila kuwagusa. Leo ukungu ulikuwa umechelewa kuondoka.

Askari naye akachuchumaa. "Wanashuka saa ngapi?"

"Saa tano."

Médiatrice akarudisha njiti kiberitini.

Saa nne kamili filimbi ya kumwita askari ikalia kule kizuizini. Aliisikia, lakini hakushuka kukabidhi zamu. Akalaza bunduki majanini, akaendelea kumtazama yule kiwavi.