Jezi ya Chini Kabisa

Jumapili moja ya mwaka 2006 kocha hakutokea uwanjani. Murshid, nahodha wetu, alimfuata nyumbani kwake nyuma ya soko la Zhanxi, akarudi na mfuko wa jezi begani.

"Mzee hatunaye tena. Moyo."

Sisi tulikuwa wafanyabiashara na wanafunzi kutoka Tanzania. Yeye alikuwa Mjerumani aliyefundisha timu za kwao, kisha Dar, kisha klabu moja ya hapa Guangzhou, China, iliyomfukuza katikati ya msimu. Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo.

Kikosi alizoea kukipanga ndani ya mfuko kila Jumamosi, siku moja kabla ya mechi. Jezi za wanaoanza zilikaa juu. Za benchi zilikaa chini, kila moja imefungwa kwa kamba ya kiatu.

Murshid alivuta zipu, akatoa jezi moja moja. Ya kumi na moja ilikuwa yangu, mimi ambaye sikuwahi kuanza mechi. Ya Murshid mwenyewe ilikuwa chini kabisa, imefungwa.

Wiki nzima kocha alikuwa akimtania, "Goti lako limezeeka kuliko mimi, bwana," naye akimjibu kwamba nahodha hakai benchi.

"Anza wewe, kaka," nikamwambia. "Nani atajua?"

Aliishika jezi yake kwa muda, akipapasa fundo kwa kidole gumba. Lilikuwa limekazwa sana, kama kocha alivyozoea.

"Vaa, dogo. Mzee keshapanga."

Siku hizi mfuko anaupanga Murshid. Jezi yake bado iko chini, na fundo lile hajalifungua.