Nusu ya Shimo

Muhanga alikuwa na miguu mitatu, wa nne ulibaki mtegoni, lakini udongo haukuwahi kumlalamikia. Ngiri alipotaka shimo la kujificha, akamwita.

"Wenzako nawalipa vichuguu viwili vya mchwa. Wewe kiguru, kimoja kitakutosha. Kazi yenyewe nakupa kwa huruma."

"Nusu ya ujira ni nusu ya shimo, bwana mkubwa."

"Chimba, acha domo!"

Muhanga akachimba. Alikuwa akipangusa kucha Simba aliponguruma. Ngiri akalikimbilia shimo, akaingia kinyumenyume, makalio yakitangulia, kama ukoo wake wote ulivyozoea, bila kutazama ndani. Makalio yakagota. Kichwa kikabaki nje.

"Muhanga! Kichwa hakiingii!"

"Si ndicho kilichopanga ujira? Kibaki nje kijitetee."

Simba akanguruma tena, karibu zaidi.

"Viwili! Nakupa viwili, kama wenzako!"

"Na ile huruma?"

"Huruma nionee mimi!"

"Basi toka, nimalizie."

Ngiri akatoka, akajibanza nyuma ya fundi wake. Miguu mitatu ikamrushia udongo usoni, naye hakuthubutu hata kupiga chafya.