Hodi ya Mama

Siku hizi, kabla hujapiga kura, mashine hukuonyesha sera ya kila chama itafanya nini nyumbani kwako. Chama cha kwanza kingemrudisha mama kesho yake Burundi, alikozaliwa. Cha pili kingempa siku thelathini. Cha tatu kingemwacha abaki kama mgeni wangu, mradi apige hodi kila aingiapo na mlango unisikie nikimkaribisha ndipo ufunguke.

“Hicho kina utu, mwanangu,” mama alicheka. “Hodi tu?”

Nikakichagua kwa moyo mweupe. Kikashinda.

Jana sauti ya redio ilikuwa juu, sikumsikia akipiga hodi. Nilipochungulia dirishani, alikuwa ameloa mvua, ungo wa maharage kichwani, mgongo kwenye ukuta wa matofali aliyoyafyatua mwenyewe.

“Hodi, mwenye nyumba,” alisema. Hakucheka.

“Karibu, mama.”

Mlango ukanishukuru kwa ukarimu wangu.