Moto Unaokunywa Maji

Pazi na mtani wake Masanyiwa walikuwa wakisugua titani kwa mashine, chuma chepesi kisichoshika kutu cha kuungia mifupa, cheche ilipoangukia lundo la unga wake. Ukawaka moto mweupe. Masanyiwa akanyakua ndoo ya maji.

“Usimwage, mtani! Maji yatauchochea! Leta mchanga!” Pazi alipiga kelele.

“Acha utani wako! Tangu lini moto ukanywa maji?” Masanyiwa alicheka, akamwaga.

Mlipuko ukamtupa ukutani, shati na uso vikiungua. Pazi akamlalia mwili mzima mpaka shati likazimika, akinong'ona, “Mola, usimchukue.” Kisha akamtikisa.

“Amka, mwizi wa kuku wewe! Nijibu! Sitaki kukuzika!”

Midomo iliyobabuka ikasogea. Pazi akainamisha sikio, akiomba neno litakalotoka liwe tusi la utani.