Mgeni wa Mtangazaji

Sheria ilikuwa fupi. Mtangazaji akisema hewani kwamba aliyehukumiwa kunyongwa ni muuaji kweli, na rufaa haijaamuliwa, basi amchukue akae kwake, wale sahani moja, mpaka siku ya kurudi hewani kurudia neno lake au kulifuta.

Ndivyo Shebughe, mwenye kipindi cha asubuhi redioni, alivyompata Mhando, aliyehukumiwa kwa kumchinja mwajiri wake.

Mke wa Shebughe, Mwanaidi, hakuwa na makuu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. Jembe hawakuwa nalo, akampa Mhando kisu na kuku.

Shebughe aliacha chai ipoe. Alitaka kuona mkono ule unashikaje kisu. Mhando akakitazama, akakirudisha mezani.

"Chinja wewe, kaka. Mimi nitanyonyoa."

"Unaogopa damu?"

"Naogopa macho yako. Nikichinja vizuri, utasema amezoea. Nikichinja vibaya, utasema anajifanya."

Mwanaidi akaangua kicheko, akamgeukia mumewe. "Umepatikana, baba Tausi!"

Shebughe hakucheka. "Ulimuua, hukumuua?"

"Mahakamani nilisema sikumuua. Wewe ulisema una hakika. Uliona nini?"

Shebughe akamshika kuku, akatoka naye nje.

Kesho yake, siku ya kurudi hewani, taa nyekundu ya studio iliwaka mbele ya Shebughe. Nyumbani Mwanaidi aliongeza sauti ya redio, na Mhando akasogeza kiti karibu, ana hamu kama msikilizaji mwingine yeyote ya kujua kama yeye ni muuaji.