Zamu ya Nguchiro Kijana

Nguchiro wana desturi yao: wengine wakifukua wadudu, mmoja hukaa juu ya kichuguu akilinda. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Nguchiro kijana, aliyezoea kushinda na ndege hondohondo mpaka akaijua lugha yao.

"Mwanangu, siku hizi hata ndotoni unasema kindege," mama yake alimwambia. "Ya kwetu umeiweka wapi?"

"Lugha ya nyumbani haipotei, mama. Imo kichwani. Nikiihitaji nitaiita."

"Haya. Isije ikachelewa kuitika."

Kijana akapanda kichuguu. Mara akamwona kipanga anashuka. Akalitafuta neno la kwao la hatari, lisije. La kindege likawahi mdomoni, akalipaza kwa nguvu zake zote.

"Anaongea na rafiki zake tena huyo," mama yake akawaambia wenzake, akaendelea kufukua.

Hondohondo wote waliokuwa wakila karibu wakaruka, wakaokoka.

Neno la kwao lilimjia kijana baadaye, kipanga alipokuwa ameshapaa na mama yake kwenye makucha. Akalitamka vizuri kabisa, vilevile kama mama alivyomfundisha.